Kilwa Iuze Nini? Mjadala wa Sauti Nne Kutoka Pwani ya Lindi

Mwaka 1981 UNESCO iliingiza maeneo mawili ya Tanzania katika orodha ya Urithi wa Dunia: Hifadhi ya Serengeti, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Serengeti leo haihitaji tangazo. Kilwa iko kilomita kama 300 tu kusini mwa Dar es Salaam, lakini Watanzania wengi wanaijua kupitia dirisha la basi la Lindi na Mtwara. Gari linasimama Nangurukuru, abiria wanachimba dawa, wananunua korosho, safari inaendelea. Njia ya kwenda miji ya Kivinje na Masoko inabaki nyuma.

Hoja iliyo mezani ni hii: Kilwa na pwani yote ya Lindi ijengwe kuwa pwani ya mapumziko, yenye hoteli kubwa za ufukweni, na magofu yawe nyongeza ya safari. Nimeikabidhi kwa wasemaji wanne. Ni wa kubuni na hawana majina, ila mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani Masoko jioni amekwisha kuzisikia hoja zao. Mwekezaji wa hoteli kutoka Dar anaunga mkono. Mwalimu wa historia anapinga. Nahodha wa Kisiwani na mama mchokoaji pweza wa Kivinje hawakuja kushika upande, wamekuja kuuliza. Uamuzi nitautoa mimi mwishoni.

Ufukwe au magofu?

MWEKEZAJI: Shikamooni wazee wangu. Niseme bila kuzunguka: historia ni nzuri, lakini haijazi vitanda. Mgeni wa Ulaya akimaliza mbuga anataka bahari, na siku zake zote za bahari anazipeleka Zanzibar. Sisi tuna nini? Tuna Jimbizi, ghuba iliyotulia kwa sababu Kisiwani kinaikinga. Tuna Masoko Pwani, ufukwe mtupu unaotazama bahari kuu. Nje huko kuna kina, kuna nduaro, jodari na kolekole. Watu wanalipa fedha nyingi kumvua samaki mmoja na kumrudisha majini. Shuka mpaka Lindi, Mto Lukuledi unapoingia baharini, uone ghuba ile. Haya ndiyo tuyauze. Asubuhi moja mgeni akipenda, tumpeleke magofuni. Pilau ni bahari; magofu ni kachumbari.

MWALIMU: Mkurugenzi, kachumbari hiyo ndiyo aliyoikuta msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, akaandika kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Aliyetawala ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa juu ya genge la bahari: vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Ndiye pia aliyeupanua Msikiti Mkuu kwa kuba za mawe, ukawa mkubwa kuliko wote pwani hii. Fedha ilitoka wapi? Dhahabu iliyoshuka Sofala ikapita hapa. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba. Moja imeokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine zikaokotwa mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Vasco da Gama alipolazimisha kodi mwaka 1502, dhahabu ya Kilwa ilipelekwa Ureno, na hadi leo imo Lisbon katika chombo cha kanisa kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506. Mchanga mweupe uko Nungwi, Diani, Mauritius na Maldives. Tukishindana kwa mchanga, tunaanza tukiwa wa mwisho. Kwa Husuni Kubwa, hatuna wa kushindana naye.

MWEKEZAJI: Na vitanda vya Husuni Kubwa viko wapi, Mwalimu? Zanzibar nao wana Mji Mkongwe, uko UNESCO tangu 2000. Ila uliza mishahara ya vijana inatoka wapi. Inatoka Nungwi na Paje. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

NAHODHA: Hapo kwenye kupona ndipo nataka kuingia, mwanangu. Mimi ni mtu wa Kisiwani. Nyumba yangu na magofu ni majirani. Nawaona wageni wenu wote wawili, wa bahari na wa historia. Wa historia anafika saa tatu asubuhi na mwongozaji wake, anapiga picha msikitini, kwenye ngome ya Gereza na jumba la Makutani, na adhuhuri amekwisha kuvuka kurudi. Hata maji ya kunywa kaja nayo. Miaka hii zinatia nanga meli kubwa za kitalii. Wageni wanashushwa kwa viboti vya mpira vya meli yenyewe. Mimi nina mashua na injini, nimekaa gatini nawapungia mkono. Kwa hiyo mkibishana pilau na kachumbari, mimi nauliza aliyepika anakula saa ngapi.

MAMA: Na mimi nianzie kwenye neno moja la kaka yangu. Umesema ufukwe mtupu. Njoo wakati wa bamvua, maji yakipwa, uone kama ni mtupu. Sisi wanawake tunatembea mwambani na vijiti tunachokoa pweza. Nyuma yetu kuna ngalawa zimepandishwa, kuna nyavu zinashonwa, kuna dagaa wameanikwa. Maji yakijaa tunaondoka, ndipo wewe unakuja kupiga picha na kusema hapana mtu.

MWEKEZAJI: Dada yangu, hakuna atakayewafukuza.

MAMA: Hamfukuzi. Mnaweka ukuta, mnaweka mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni mtoto wa jirani yangu, ananiamkia vizuri kabisa kisha ananiambia nizunguke.

MWALIMU: Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Tukianza kwa kuisahau, tutakuja kudaiana baadaye.

MAMA: Tena bahari ina kanuni zetu wenyewe. Kuna vijiji vya pwani hii ambavyo kamati za bahari, hizi BMU, zinafunga mwamba kwa miezi, pweza wakue. Siku ya kufungua ni sherehe. Kijiji kizima kiko ndani ya maji. Mgeni akitaka kuona jambo, aje aone hilo. Lakini akivua ndani ya mwamba uliofungwa, awe wa hoteli au wa kijijini, faini ni moja.

Magofu ni ya nani?

MWEKEZAJI: Haya, nikubali bahari ina wenyewe. Na magofu je? Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mliyaacha yaanguke. Bila fedha za wageni nani atayasimamisha?

NAHODHA: Yalitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, mwanangu, na sikuona hoteli iliyoyatoa. Fedha za wahisani zilikuja, kweli, ila mikono ilikuwa ya hapa. Ngoja nikueleze maana watu wanadhani ni kupaka saruji. Zamani waliwahi kuziba nyufa kwa saruji. Ikakaza kuliko jiwe lenyewe, ikafungia unyevu na chumvi ndani, jiwe la matumbawe likamomonyoka nyuma yake. Dawa ni chokaa. Unapanga magogo mduara, juu unarundika mawe ya matumbawe mafu, unawasha. Moto unakula usiku kucha. Jiwe likishaiva linakuwa jeupe na jepesi, ukilimwagia maji linachemka lenyewe na kupasuka. Unaliacha shimoni lilainike, miezi ikipita ndivyo linavyozidi kuwa zuri. Kisha unachanganya na mchanga, unapaka kidogo kidogo na kuukinga ukuta na jua usikauke haraka. Wapo vijana wa Kisiwani walioshika kazi hiyo. Na mbele ya Gereza, bahari ilipokuwa inakula ukingo, watu walipanda mikoko.

MWALIMU: Niongeze la wenyewe hasa. Kwa miaka mingi wasomi waliandika kana kwamba mji huu uliletwa kwa jahazi kutoka Uajemi, umekwisha kujengwa. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ulionyesha kwamba akina mama wengi walikuwa Waafrika, na kwa upande wa baba kulikuwa na watu wa Asia, hasa Uajemi. Yaani wageni walikuja, wakaoa, wakawa wenyeji. Magofu yana warithi, na warithi wako hapa wanazungumza.

NAHODHA: Kuna habari katika tarikh ya Kilwa, nasi tumeirithi kwa mdomo. Ali bin al-Hasan, Mshirazi, alipokuja alikinunua kisiwa kwa vitambaa, kiasi cha kukizunguka kisiwa chote. Muuzaji akapokea nguo zake, akahamia bara. Alipofikiri upya akataka kurudi, akakuta mlango wa maji umekuwa na kina, havuki. Mkurugenzi, huo ndio mkataba wa kwanza wa ardhi tuliowahi kuusikia hapa. Ndiyo maana ukifungua mkoba ukatoa karatasi, wazee wanaangalia kwanza maji.

MWEKEZAJI: Mzee wangu, umenipiga na vitambaa vya miaka elfu! Lakini jibu swali: TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ndio wanasimamia magofu siku hizi, wanakusanya viingilio. Si bora na hoteli zichangie?

NAHODHA: Zichangie. Ila kiingilio kikikatwa, ubao wa matangazo wa kijiji usome: zimeingia kiasi hiki, zimebaki kijijini kiasi hiki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gesi ya hapa kwetu, ya Songosongo, ilianza kwenda Dar mwaka 2004, tumejifunza kuuliza.

Kivinje na mambo yasiyofaa kwa likizo

MAMA: Tangu tumeanza mnasema Kisiwani, Kisiwani. Kivinje hamuioni? Kabla ya Masoko kuwa makao ya wilaya, mji ulikuwa wetu. Nenda kaone nyumba za mawe za karne ya kumi na tisa, maduka ya Wahindi, milango ya nakshi, boma la Mjerumani karibu na maji. Kila masika ukuta mmoja unalala chini.

MWALIMU: Na historia yake ni nzito. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilimwagikia Kivinje, pembe za ndovu na watu. Mwaka 1888 mji uliwakataa mawakala wa kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa hapo kwa kuwapinga Wajerumani. Kisha 1905: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake, vita vya Majimaji vikaanza Nandete katika milima ya Umatumbi, na Kivinje ikashuhudia kamba tena.

MWEKEZAJI: Nisamehe, Mwalimu. Mtu amefanya kazi mwaka mzima, amekuja na mke na watoto. Unamtoa kwenye kiti cha jua umpeleke chini ya mwembe wa kunyongea?

MWALIMU: Gorée iko Senegal, Cape Coast iko Ghana. Watu huvuka Atlantiki kwa ajili ya huzuni ile, na wengi ni watoto wa waliouzwa. Halafu nikuulize: kwa nini mgeni wako ni Mzungu tu? Kila mtoto wa shule Tanzania anasoma Majimaji. Wangapi wamekanyaga Umatumbi?

MAMA: Msiionee haya Kivinje, ila msiipambe pia. Ibn Battuta mwenyewe, huyo Mwalimu anayempenda, alieleza fakiri aliyemwomba Sultani nguo alizovaa, Sultani akampa. Mtoto wa Sultani akazikomboa kwa watumwa kumi, na baba akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Kila mtu husimulia ukarimu. Hao watumwa ishirini nani anawasimulia?

MWALIMU: Umenishika, Mama. Hata mimi darasani huwa naishia kwenye ukarimu.

MWEKEZAJI: Basi niwape habari itakayojaza vitanda bila kulia: yule mjusi wa kale, dinosaria wa Tendaguru! Yuko Berlin, mrefu kwenda juu mita 13, foleni kila siku. Alichimbwa hapa, wilaya ya Lindi. Arudi.

MWALIMU: Alichimbwa kati ya 1909 na 1913. Mifupa na miamba yake, zaidi ya tani 200, ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, siku kadhaa za mguu hadi bandari ya Lindi. Aliyesimamia wachimbaji ni mtu wetu, Boheti bin Amrani, na jina lake halijulikani hata Lindi mjini. Mwaka 2018 Serikali ilisema haitadai mjusi arudishwe, bali itataka ushirikiano na manufaa. Sawa, ushirikiano huo uonekane: chumba cha makumbusho Lindi, chenye nakala ya mfupa mmoja tu, na habari za waliobeba.

MAMA: Mfupa mmoja na majina ya wabebaji. Hapo mimi nakwenda, tena na wajukuu.

Mgeni aje vipi, akae vipi?

MWEKEZAJI: Tumalizie na ukweli mchungu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zilikata barabara upande wa Somanga, kusini yote ikajitenga. Hakuna benki inayopenda kukopesha hoteli ambayo wageni wake wanaweza kukwama. Mradi mkubwa ndio wenye sauti ya kuidai Serikali barabara.

NAHODHA: Sisi tulidai barabara miaka yote, Daraja la Mkapa likaja 2003, na mwekezaji bado hakuja. Barabara si mahari ya hoteli. Na huo mradi mkubwa wako utataka Songo Mnara kila siku. Songo Mnara unakwenda kwa saa ya maji: ukikosea unashuka na kutembea katika tope la mikoko, viatu mkononi. Upepo wa kusi ukivuma, kuna siku hapana safari. Hoteli ya vyumba 200 haipendi kuambiwa leo hapana.

MWEKEZAJI: Mgeni mdogo, nyumba ndogo, faida ndogo.

MAMA: Ndogo kwako. Kwangu vyumba viwili vikilaliwa, nimesomesha. Naye akija Ramadhani ajue mchana mji umetulia, na jioni futari tutamkaribisha. Akipita sokoni ajisitiri. Hayo si masharti ya kumchukia mtu. Hata wewe kwako hupokei mgeni akiwa na taulo.

Uamuzi

Hoja kama ilivyoletwa naikataa. Pwani hii haitaishinda Zanzibar kwa mchanga, na mgeni anayeletewa magofu kama nyongeza ataendelea kufanya anachofanya sasa: kuvuka, kupiga picha, kuondoka. Lakini Mwalimu asishangilie. Kilwa imekuwa Urithi wa Dunia kwa miaka zaidi ya arobaini, na cheti hicho peke yake hakijalipa ada ya mtoto wa Nahodha. Mwekezaji alikuwa sahihi kwa moja: pasipo kitanda hapana fedha. Ubishi wa kweli ni kitanda cha nani.

Ndiyo maana nasema wilaya iache kujisifia idadi ya meli na ya wageni walioshuka. Ihesabu usiku. Anayelala usiku mmoja anakula mara tatu kwa watu, anapanda chombo cha mtu, anakuwapo maji yanapokupwa alfajiri. Wa saa tatu anaacha kiingilio.

Na shilingi ya kwanza isiende Kisiwani, iende Kivinje. Najua hili litawashangaza wote wanne, hata Mama. Kisiwani kuna msimamizi, kuna jina duniani, kuna chokaa. Kivinje haimo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na nyumba zake ni za koo, zinazopasuka huku wenyewe wakikosa fedha za boriti. Tofauti kubwa ni hii: hakuna mtu atakayelala Husuni Kubwa, lakini nyumba ya mawe ya Kivinje ikitengenezwa inalalika. Kwa majirani zetu Mikindani, boma la Wajerumani liligeuzwa kuwa hoteli ndogo. Lamu nyumba za mawe za wenyeji zimekuwa zikipokea wageni kwa miongo. Mafundi waliofufua Gereza wapo. Wapewe kazi ya kufundisha wenzao wa Kivinje, halmashauri itoe chokaa na boriti, mwenye nyumba atoe chumba kimoja kwa mgeni na abaki na hati yake. Hati isiuzwe, akitaka mshirika, akodishe kwa miaka inayohesabika. Vitambaa vya Ali bin al-Hasan vimetufundisha hilo mapema.

Kutoka Kivinje mgeni ana kazi ya siku kadhaa. Siku moja Kisiwani, siku moja Songo Mnara maji yakiruhusu, siku moja kupanda Umatumbi vilikoanzia vita vya Majimaji, kisha Lindi na chumba cha mjusi. Shule zetu zipewe nafasi ya kwanza na bei yao. Meli ikitia nanga, abiria washushwe kwa mashua zilizosajiliwa Kilwa. Ni sharti la kibali, si ombi. Mwamba uliofungwa na BMU ufungwe kwa wote. Mita 60 ziwe 60.

Mwekezaji naye simfukuzi. Akija Masoko na ramani yake ya vyumba 200, asomewe masharti haya kabla ya kuoneshwa kiwanja. Akiyakubali, karibu. Akiyakataa, arudi salama: ufukwe unaweza kumsubiri mwingine, ila kuta za Kivinje haziwezi kusubiri masika nyingi zaidi.